Karani wa Majina Ndani ya Ruta: Je, Yu Kazini?

Intaneti imekwisha kuingia katika nyumba zetu kama yalivyoingia maji ya bomba na taa za umeme. Watoto hufanya masomo yao kwayo, wazee husikiliza mawaidha, na jamaa waliotawanyika Mombasa, Unguja na Muscat huonana nyuso kila jioni bila ya nauli. Lakini mlango uletao heri hiyo ndio ule ule uletao upuuzi na uchafu, na mzazi mwenye kujali hawezi kuuacha wazi usiku na mchana bila ya bawabu. Kwa sababu hii wazazi wengi wamesikia habari za tarakimu maalumu za DNS, ambazo zikiandikwa katika ruta, yaani kile kisanduku chenye vitaa kinachogawa intaneti nyumbani, huzuia kurasa chafu zisifunguke katika simu na kompyuta za nyumba ile.

Habari hiyo ni ya kweli. Lakini kuandika tarakimu ni jambo moja, na tarakimu hizo kufanya kazi ni jambo jingine. Nyumba nyingine baada ya mabadiliko hayo hukosa intaneti kabisa, na watu wake wakalaumiana. Nyumba nyingine intaneti huendelea vizuri, mzazi akalala akiamini kuwa bawabu yupo, na kumbe simu za watoto hazimjui bawabu huyo wala hazimwulizi neno. Twaona kwamba hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwani aliyekosa intaneti ajua kuwa amekosa, lakini aliyedanganyika na usalama usiokuwapo hatafuti dawa. Basi twataka kueleza hapa jinsi ya kuyapima mambo haya hatua kwa hatua, ili kila nyumba ijue kwa hakika, wala si kwa kudhani.

DNS ni kitu gani?

Kompyuta hazijuani kwa majina kama tujuanavyo sisi. Kila moja katika intaneti hutafutwa kwa anwani ya tarakimu. Mtu akiandika jina la ukurasa katika simu yake, simu haina budi kuuliza kwanza: "Jina hili tarakimu zake ni zipi?" Anayejibu swali hilo ni seva ya DNS, nasi twaweza kumfananisha na karani wa daftari, ambaye hutajiwa jina naye akaonyesha nyumba ilipo. Karani asipojibu, simu haijui pa kwenda, hata kama njia ni nyeupe. Na karani akiagizwa asiionyeshe nyumba fulani, mwulizaji hafiki huko. Hiyo ndiyo siri yote ya DNS ya kulinda jamaa.

Zamani daftari lilikuwa moja tu, likitunzwa katika taasisi ya Stanford Research Institute huko California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Kompyuta zilipozidi kuwa nyingi, daftari moja halikutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa utaratibu wa kuligawa daftari hilo kwa makarani wengi. Kwa utaratibu huo, jina liishialo na .tz hutafutwa kwa makarani wa Tanzania, na liishialo na .ke kwa makarani wa Kenya. Karani aliye karibu nasi hufanya safari yote ya maswali kwa niaba yetu, kisha hulihifadhi jibu kwa muda ili asiulize tena.

Kwa kawaida karani huyo wa karibu ni wa kampuni ituuziayo intaneti. Lakini wako makarani wengine walio wazi kwa watu wote bila ya malipo. Google ilimweka wake, 8.8.8.8, mwaka 2009. Quad9 ilimweka 9.9.9.9 mwaka 2017, ambaye hukataa majina ya kurasa za wezi na za virusi. Cloudflare ilimweka 1.1.1.1 mwaka 2018; na mwaka 2020 ikaongeza wawili kwa ajili ya nyumba, yaani 1.1.1.2 akataaye virusi, na 1.1.1.3 akataaye virusi pamoja na kurasa za uchi. Msaidizi wa huyo wa mwisho ni 1.0.0.3. Kadhalika OpenDNS ina makarani wa jamaa, nao ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Katika maelezo yetu tutamtumia 1.1.1.3 kuwa mfano, lakini hatua nyingi za kupima hufanana kwa wote.

Kabla ya kugusa chochote

Yako mambo mawili ambayo afundi kila kitu huyasahau. La kwanza ni kuandika katika karatasi tarakimu zote zilizomo katika ruta kabla ya kuzibadili, ili mambo yakiharibika pawe na njia ya kurudi. La pili ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kupima. Mtu anayebadili mambo matano kwa pamoja, hata akifaulu, hajui ni lipi lililomponya. Na akishindwa, hajui ni lipi lililomdhuru. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.

Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa nayo. Aghalabu anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi imeandikwa katika karatasi iliyobandikwa chini ya ruta yenyewe, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia.

Ugonjwa wa kwanza: nyumba iliyonyamaza

Tuseme tarakimu zimeandikwa, na sasa hakuna kinachofunguka. Swali la kwanza si "Nani aliyeharibu?" bali ni hili: je, kilichokatika ni njia, au ni karani tu asiyejibu? Mambo haya mawili hufanana machoni, lakini dawa zake ni mbalimbali.

Yafaa kwanza kumwuliza jirani, kwa kuwa si kila hitilafu hutoka nyumbani mwetu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu njia za kuwafikia makarani wa kampuni hiyo ziliondolewa kwa kosa la kazi. Mwenye kuivunja ruta yake siku ile alijitaabisha bure.

Jirani akisema kwake ni salama, chukua kompyuta, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike: ping 8.8.8.8. Hapa hatuulizi jina lolote. Twabisha hodi kwa tarakimu. Majibu yakirudi, njia ni nzima na ugonjwa ni wa karani. Yasiporudi, huenda njia yenyewe imekatika: waya umechomoka, malipo yamekwisha, au kampuni ina hitilafu. Katika hali hiyo kubadili DNS hakusaidii lolote.

Ikiwa njia ni nzima, andika: nslookup example.com. Jina hili limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo halina shaka. Kompyuta itataja kwanza karani iliyemwuliza, kisha jibu lake. Baadaye andika: nslookup example.com 1.1.1.3, yaani sasa twamwuliza karani yule mwenyewe ana kwa ana, bila ya kupitia kwa mjumbe. Akijibu swali la ana kwa ana, ilhali lile la kawaida halikujibiwa, basi karani ni mzima na kosa limo katika ruta. Asipojibu hata ana kwa ana, huenda kampuni ya intaneti haiwaruhusu wateja wake kuwauliza makarani wa nje, na yapasa kumjaribu mwingine au kuiuliza kampuni.

Kosa likiwa ndani ya ruta, tazama mambo haya kwa zamu.

Kwanza, tarakimu zenyewe. Nukta iliyosahauliwa, au 1.1.1.3 kuandikwa 1.1.3.1, yatosha kuinyamazisha nyumba nzima. Tena zipo ruta kadhaa za zamani zilizotengenezwa zikitumia 1.1.1.1 kwa mambo yao ya ndani, hata mteja akimtaka karani huyo ruta hujijibu yenyewe. Penye shaka hiyo, jaribu msaidizi wake, 1.0.0.1, au karani wa kampuni nyingine.

Pili, mahali zilipoandikwa. Katika ruta nyingi pako mahali pawili pa kuandika DNS. Sehemu ya WAN ni ya maswali ambayo ruta yenyewe huyapeleka nje. Sehemu ya LAN, au DHCP, ni ya tarakimu ambazo ruta huzigawia simu na kompyuta zinapojiunga. Ikiwa ruta huziambia simu, "Niulizeni mimi," basi tarakimu za WAN ndizo zenye kazi. Lakini ikiwa huzigawia simu tarakimu za karani wa kampuni moja kwa moja, basi mzazi akibadili WAN mara kumi hatabadili kitu, simu haziipitii.

Tatu, habari za zamani zilizobaki. Simu hupokea tarakimu zake pale inapojiunga na waifai, ikazishika kwa muda. Kwa hiyo baada ya kila badiliko izime ruta na kuiwasha tena, kisha utoe kila simu katika waifai na kuirudisha. Katika kompyuta ya Windows, amri ipconfig /flushdns hufuta majibu ya zamani. Mara nyingi dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi, ila mgonjwa hakuambiwa kuwa amepona.

Nne, saa ya ruta. Ruta nyingine za siku hizi huongea na karani kwa lugha ya siri, ili watu wa njiani wasiyasikie maswali. Siri hiyo huthibitishwa kwa hati zenye tarehe. Umeme ukikatika na ruta ikaamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, huziona hati zote kuwa ni batili, ikakataa kusema na karani. Sahihisha tarehe, na mambo hutengemaa.

Ugonjwa wa pili: bawabu aliyelala

Sasa twafika katika lile tulilosema kuwa ni hatari zaidi. Intaneti inakwenda, kila mtu ameridhika, na hakuna aliyepima. Hapana haja ya kutafuta uchafu wenyewe ili kujua kama unazuiliwa. Cloudflare imeweka majina ya majaribio, ambayo makarani wake wameagizwa kuyakataa: malware.testcategory.com kwa upande wa virusi, na nudity.testcategory.com kwa upande wa uchi. Ukiandika nslookup pamoja na jina hilo la pili, na jibu likawa 0.0.0.0, karani yu macho. Likija jibu la tarakimu nyingine, amelala, au hakuulizwa kabisa. Kipimo hiki kifanywe katika kila kifaa cha nyumba, kwa kulifungua jina hilo kwa kivinjari penye simu, wala si katika kompyuta ya baba peke yake.

Kipimo kikishindikana, sababu zake aghalabu ni hizi.

Sababu ya kwanza ni karani wa pili. Ruta hutaka tarakimu mbili, ya kwanza na ya akiba. Wengi huandika 1.1.1.3 katika nafasi ya kwanza, na katika ya pili wakamwandika 8.8.8.8 au wakamwacha karani wa kampuni. Huyo wa pili hana agizo la kukataa lolote, na simu huweza kumwuliza wakati wowote ipendapo. Ni sawa na kuweka mabawabu wawili mlangoni, mmoja mkali na mwingine kipofu. Nafasi zote mbili zapasa kuwa na makarani wa agizo moja: 1.1.1.3 na 1.0.0.3.

Sababu ya pili ni anwani za namna mpya, ziitwazo IPv6. Nyumba yaweza kuwa na njia mbili kwa pamoja, ya namna ya zamani na ya namna mpya, na mzazi akaziba ya zamani tu. Kama kampuni yako hutoa IPv6, andika pia makarani wake wa jamaa, nao ni 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003. Ikiwa ruta haikupi mahali pa kuwaandika, izime IPv6 katika ruta.

Sababu ya tatu ni kifaa chenyewe. Simu za Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, zina mahali pa DNS ya faragha. Mtu akiandika humo jina la karani wake, simu huacha kusikiliza ruta. Vivinjari navyo huweza kumwuliza karani wao kwa njia ya siri. Firefox ilianza kuwawekea hivyo watumiaji wa Marekani mwaka 2020 bila ya wao kuomba. Na programu za VPN huyachukua maswali yote na safari yote, zikayapitisha kwingine. Kwa hiyo simu moja ikishindwa kipimo na nyingine zikafaulu, usiilaumu ruta. Tazama ndani ya simu ile.

Sababu ya nne ni kampuni ya intaneti yenyewe. Baadhi ya makampuni huyakamata maswali ya DNS njiani, yakayajibu kwa karani wao, hata ikiwa bahasha imeandikwa jina la mwingine. Dawa yake ni kutumia ile lugha ya siri, katika ruta ikiwa yaweza, au katika kifaa.

Sababu ya tano haihusu ruta hata kidogo: ni bando la simu. Kijana akizima waifai akatumia bando lake, ametoka nje ya ukuta wa nyumba. Hapa ile DNS ya faragha ya Android huweza kugeuzwa kuwa msaada. Kwani ukiandika humo family.cloudflare-dns.com, bawabu hufuatana na simu popote iendapo.

Mwizi wa tarakimu

Iko sababu nyingine ya kuzitazama tarakimu hizi mara kwa mara, hata kwa asiyehitaji bawabu. Anayemiliki karani wako aweza kukupeleka atakako. Katika mwaka 2011 wakuu wa Marekani walivunja genge lililotumia kirusi kiitwacho DNSChanger, ambacho kilikuwa kimebadili tarakimu za DNS katika kompyuta zipatazo 4,000,000 za nchi zaidi ya 100. Mtu alitaja jina la haki, naye akapelekwa pengine ili wezi wapate faida. Baada ya genge kukamatwa, seva zao ziliachwa zifanye kazi kwa uaminifu kwa muda, mpaka zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, ili watu wapate nafasi ya kusahihisha tarakimu zao.

Fundisho lake ni wazi. Neno la siri la ruta lililoandikwa kiwandani lapasa kubadilishwa siku ile ile ruta inapowekwa; kwani la kiwandani hujulikana na wengi, na aliye nalo aweza kumfukuza karani wako na kumweka wake. Na kama tarakimu zimebadilika bila ya mtu wa nyumba kuzigusa, hilo si jambo la kupuuza.

Mpaka wa bawabu huyu

Hatupendi msomaji amalize makala hii akidhani kuwa tarakimu chache zaweza kulea watoto. Karani wa majina ajua majina tu. Hajui kilichomo ndani ya picha iliyotumwa kwa WhatsApp, wala hawezi kuichagua video moja katika YouTube akaiacha nyingine, maana kwake yeye YouTube ni jina moja. Tena huweza kukosea kwa pande zote mbili: akakataa ukurasa wa masomo ya utabibu, akaukubali mbaya uliofunguliwa jana. Ukurasa mwema ukikataliwa, mwulize karani mwingine kwa amri ya nslookup; huyo akijibu na wako akakataa, umejua chanzo.

Vile vile twaona ni bora zaidi vijana waambiwe wazi kwamba bawabu huyu amewekwa, na kwa sababu gani, na wale wenye ujuzi wa mitambo washirikishwe katika kumpima. Kijana aliyefichwa jambo hulichukua kuwa ni mtego, akashindana nao. Na mwenye miaka 15 atakayeshindana na ruta, aghalabu atashinda. Lakini kijana aliyepewa amana ya kuwalinda wadogo zake huona haya kuwa wa kwanza kuivunja.

Basi, ndugu wasomaji, ruta ipimwe baada ya kila badiliko, baada ya kila kukatika kwa umeme kwa muda mrefu, na kila simu mpya iingiapo nyumbani. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika chache: kubisha hodi kwa tarakimu, kuuliza jina la mfano, kisha kuuliza jina la majaribio. Atakayefanya hivyo atajua kama bawabu wake yu macho au amelala. Na yale ambayo karani wa majina hawezi kuyaona, hayo yamebaki kwa mzazi mwenyewe, kwa kukaa na wanawe, kuwauliza, na kuwasikiliza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na atujaalie busara katika malezi.